ADABU ZA NYUMBANI: Mzee Akisahau, Sisi Tusisahau



Katika ukurasa huu tumezoea kuzungumza juu ya haki za jirani, malezi ya watoto, na tabia njema baina ya mume na mke. Mwezi huu napenda tuzungumze jambo ambalo aghlabu twalificha nyuma ya pazia, nalo ni namna ya kumtunza mzee ambaye kumbukumbu zake zimeanza kumtoka. Na mengi ya nitakayoyasema yametoka mahali ambapo baadhi yenu hamtapapenda, yaani katika nyumba za kutunzia wazee huko Uingereza. Nawaomba mnisikilize mpaka mwisho, kisha ndipo mhukumu.

Najua litakalosemwa. Mtasema Wazungu huwaondoa wazee wao majumbani wakawalipa watu baki wawatunze. Basi sisi tunaoijua haki ya mzazi tuna la kujifunza huko? Mimi mwenyewe nilikuwa msemaji mkubwa wa maneno hayo barazani. Walakini mzee aliyewekwa chumba cha uani, akawa apelekewa sahani mlangoni wala hasemezwi, huyo naye ametupwa, ingawa ametupwa chini ya paa la mwanawe. Tena nyumba za wazee si jambo la Ulaya peke yake. Hata Unguja Serikali imekuwa nazo, Sebuleni na Welezo. Simwiti mtu ampeleke mzazi wake huko. Namwita ajifunze kwa watu ambao kazi yao ya kutwa na kucha ni kuishi na wazee wa namna hii, na ambao wameyaona makosa mengi kuliko tuliyoyaona sisi.

MARADHI YENYEWE

Watu husema, "Ni uzee tu." Sivyo. Wako wazee wa miaka tisini ambao akili zao ni kali kama wembe. Hali hii madaktari huiita dimenshia, nayo si ugonjwa mmoja, bali ni jina la hali iletwayo na maradhi mbalimbali yenye kuharibu ubongo. Ugonjwa ulio mkubwa miongoni mwao ni ule uitwao Alzheimer, kwa jina la daktari wa Kijerumani, Alois Alzheimer, aliyeueleza mwaka 1906. Katika kila wagonjwa kumi, yakadiriwa sita au saba wana huo. Mwingine hutokana na mishipa ya damu ya ubongo kuziba au kupasuka, khasa kwa wenye shinikizo la damu. Mgonjwa husahau kwanza mambo ya jana, na ya zamani yakabaki; kisha hupotea njia alizozizoea; kisha maneno humkimbia, na mwisho hata kula na kuvaa huwa ni mtihani. Dawa ya kuuondoa ugonjwa huu haijapatikana.

Wala tusidhani kuwa ni maradhi ya nchi za baridi. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba mwaka 2021 watu milioni 57 walikuwa na hali hii ulimwenguni, na zaidi ya 60 katika kila 100 wao wako katika nchi za kipato cha chini na cha kati, yaani nchi kama zetu. Na Qur'ani yenyewe, katika Suratun Nahl, aya ya 70, imetaja umri ambao mja hurejeshwa akawa hajui kitu baada ya kuwa alijua. Basi tunashangaa nini? Na kwa nini tukimbilie kusema kuwa bibi amerogwa, au ana majini, au yeye ndiye mchawi?

Hata hivyo yapasa kuanza kwa daktari, maana si kila asahauye ana maradhi haya. Tezi ya shingoni ikienda kombo, damu ikipungukiwa na vitamini B12, huzuni ikizidi, au dawa fulani zikichanganywa, mtu huweza kupotewa na kumbukumbu, na hayo yana tiba.

KOSA LANGU

Mama yangu mzazi alizaliwa Pangani, akaolewa Tanga, na hapa ndipo alipotuzaa. Marehemu baba alifariki mwaka 2006. Miaka mitano iliyopita mama akaanza kutia chumvi mara mbili katika mchuzi, kuuliza swali moja mara kumi, na kuniita mimi kwa jina la kaka yake. Tukacheka. Kisha hatukucheka tena.

Likazuka jambo moja. Kila jioni, jua likianza kuegemea magharibi, mama hukaa ukingoni mwa kitanda akauliza, "Baba yako hajarudi?" Nami nikamjibu, "Mama, baba amekwisha kufa." Hapo uso wake ukabadilika, akalia kilio cha mtu aliyeletewa habari saa ile ile. "Amekufa lini? Mbona hamkuniambia?" Baada ya nusu saa amesahau. Kesho yake jioni, swali ni lile lile, jibu langu ni lile lile, na kilio ni kile kile.

Mimi ni mwalimu wa Qur'ani. Kwa miaka zaidi ya thelathini kazi yangu imekuwa ni kusahihisha. Mtoto akiacha madi namrudisha. Akiila ghunna namrudisha. Nikadhani na mama naye arudishwe kila anapokosea, ili ashike. Mke wangu akanambia, "Baba watoto, huyu hataki kusahihishwa, ataka kutulizwa." Sikumsikia, nikaona kuwa mimi ndiye mwenye elimu. Hesabuni wenyewe: kwa miezi minane nilimfanya mama yangu kizuka upya kila jioni, na huku nikidhani natimiza haki ya ukweli.

WASIMAMIZI WASIOFICHANA

Miaka mingi iliyopita katika chuo changu alikuwako binti mmoja mwepesi wa kuhifadhi. Alikua, akaolewa, akahamia Uingereza, na leo ni msimamizi wa nyumba moja yenye wazee wapatao arubaini, wengi wao wakiwa na maradhi haya. Kila Idi hunipigia simu kunisalimu. Mwaka jana aliniuliza hali ya mama, nikamweleza, pamoja na habari ya jioni zetu. Akanyamaza kitambo, kisha akasema, "Shikamoo tena, Maalim. Nisamehe nitakalokwambia. Nasi tulikuwa tukifanya hivyo hivyo, tukaacha."

Ndipo aliponieleza mambo ambayo sikuwa nikiyajua. Katika Uingereza mwenye kusimamia nyumba ya wazee lazima asajiliwe na chombo cha ukaguzi, naye ndiye wa kuulizwa kila likiharibika jambo. Nyumba hizi nyingi ni za biashara, na kila moja yataka wateja. Ungedhani kila msimamizi angeficha siri ya kazi yake. Walakini tangu mwaka 2006 upo mpango uitwao My Home Life, ambao miongoni mwa kazi zake ni kuwakusanya wasimamizi katika vikundi vidogo. Hukaa duara, na kila mmoja huleta jambo moja lililomshinda. Wenziwe hawakimbilii kumpa nasaha. Kwanza humuuliza maswali, mpaka aone mwenyewe alipokosea. Na yasemwayo mle hayatoki nje.

Akanisimulia alilolipeleka yeye. Katika nyumba yake kulikuwa na bibi mmoja aliyehamia huko akiwa mtu mzima kutoka pwani yetu hii. Kiingereza alichokuwa akikijua kilikuwa kimemtoka. Maana katika maradhi haya lugha aliyojifunza mtu ukubwani huweza kuondoka mwanzo, na lugha ya utotoni ikabaki. Wafanyakazi walidhani anapayuka. Kila akipelekwa kuogeshwa alipiga, alikwaruza, alipiga mayowe, na katika daftari lake ikaandikwa: mkali, hupiga watu. Siku moja msimamizi akapita mlangoni, akasikia mayowe yenyewe yasemavyo: "Funga mlango! Nisitirini!"

Subhanallah! Bibi wa watu alikuwa akitaka sitara. Mlango uko wazi, watu wawili asiowajua wamvua nguo, na mmoja wao ni mwanamume. Basi ikaamuliwa wamwogeshe wanawake tu, wapige hodi, wamwamkie shikamoo ingawa ni Wazungu, wamfunike kanga mbili, na mahali pa bomba la kumwagia maji juu, awekewe ndoo na kopo. Bibi akakaa juu ya kigoda, akalishika kopo, akaanza kujimwagia mwenyewe. Hakupiga mtu tena. Habari hiyo ilipotajwa katika duara, msimamizi mwingine akashika kichwa, kwa kuwa nyumbani kwake alikuwako mzee wa Kipolandi ambaye naye aliandikwa kuwa anapayuka, na hakuna aliyewahi kumwita mtu ajuaye Kipolandi amsikilize.

Nami nikajiuliza: sisi barazani tumekutana miaka mingapi, na ni mara ngapi mmoja wetu ameeleza kosa alilolifanya nyumbani kwake ili mwenziwe asilirudie? Sisi tukikutana huelezana sifa.

WALIYOYAJUA KWA KUPEANA

Huko Uingereza alikuwako mwalimu wa Chuo Kikuu cha Bradford, jina lake Tom Kitwood, aliyefariki mwaka 1998. Katika kitabu chake Dementia Reconsidered cha mwaka 1997 alifundisha kwamba mgonjwa haharibiki kwa ubongo tu, bali huharibika pia kwa namna tunavyomtenda sisi wazima. Akayahesabu matendo 17 ambayo watu wema, wasiokusudia ubaya, huyafanya yakamvunja mgonjwa: kumwendesha mbio, kumfanya mtoto mchanga, kumhadaa, kumcheka, kumtisha, kumpita kama hayupo, na mengineyo. Tokea hapo wasimamizi wengi walibadili njia. Nami nimeyakusanya kwa mwanafunzi wangu yale yafaayo majumbani mwetu.

La kwanza, mjue mtu kabla ya maradhi yake. Chama cha Alzheimer cha Uingereza hutoa kijitabu kiitwacho This is Me, ambamo jamaa huandika mgonjwa alikuwa nani, alifanya kazi gani, apenda kuitwaje, chai yake huinywa vipi, na jambo gani humtia hofu. Mtunzaji mgeni akisoma humo, hukutana na mtu, si ugonjwa. Sisi hatuna haja ya kijitabu maadamu watoto tupo. Walakini wajukuu, na msichana wa kazi, wanajua nini? Waambieni kuwa huyu mnayemwona alikuwa mshoni hodari, au nahodha, au mpishi wa maharusi ya mtaa mzima.

La pili, usishindane naye kwa maneno. Hapa ndipo palipokuwa na kosa langu, na hapa nilimbishia mwanafunzi wangu. Nikamwambia, "Mwanangu, wataka nimdanganye mama yangu kuwa baba yu hai?" Akanijibu, "La, Maalim. Jambo hilo hata wasimamizi wamelishindania sana, na wengi hawapendi uongo, maana mgonjwa akigundua huondokewa na imani. Lakini yeye hakuulizi habari za mauti. Akwambia kuwa amemkumbuka mumewe. Lijibu hilo." Basi siku hiyo jioni mama alipouliza kama baba hajarudi, nikakaa chini karibu naye, nikasema, "Umemkumbuka baba?" Akasema, "Sana." Nikamwambia, "Hebu nipe habari ya siku alipokuja kukuposa." Akanisimulia tangu jahazi mpaka mahari, mambo ambayo katika umri wangu wote sikuwa nimeyasikia. Hakulia. Sikusema uongo hata neno moja.

La tatu, ukimwona amechachamaa, tafuta sababu. Mgonjwa huyu aweza kuwa ana maumivu asiyoweza kuyataja: jino, goti, haja kubwa iliyofunga, au kiu tu. Na akibadilika ghafla, kwa siku moja au mbili, akawa haelewi kabisa au amelala mno, hiyo si dimenshia inayokwenda polepole. Huenda ni maambukizo ya mkojo au ya kifua, naye apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Zamani katika nyumba nyingi za huko, mzee msumbufu alipewa dawa kali zile za wagonjwa wa wazimu, atulie. Mwaka 2009 Profesa Sube Banerjee aliiandikia Serikali ya Uingereza taarifa, akakadiria kwamba katika wagonjwa wapatao 180,000 waliopewa dawa hizo kwa mwaka, walionufaika ni 36,000 tu, na kwamba zilileta vifo vya ziada vipatavyo 1,800 kila mwaka. Baada ya hapo matumizi yake yakapungua sana, na wasimamizi wakalazimika kupeana njia nyingine za kumtuliza mtu. Basi na sisi tuache kununua vidonge vya usingizi dukani, pasipo cheti cha daktari, ili bibi alale nasi tupumzike.

La nne, itengeneze nyumba iseme naye. Mlango wa choo upakwe rangi kali iliyo mbali na rangi ya milango mingine, na usiku taa iachwe ikiwaka. Mkeka mweusi juu ya sakafu nyeupe yeye huweza kuuona kuwa ni shimo, akagoma kupita. Kioo kikubwa huweza kumtia hofu, kwa kuwa amwona humo mtu mgeni, kifunikwe. Wali mweupe juu ya sahani nyeupe huenda asiuone. Apewe sahani ya rangi. Na atakaye kutembea asifungwe. Huko Uholanzi, katika mji wa Weesp, tangu mwaka 2009 kuna kijiji kizima cha wagonjwa hawa, kiitwacho De Hogeweyk, chenye nyumba, duka, mkahawa na bustani. Mlango wa nje ndio ulindwao, na ndani mgonjwa hutembea apendavyo. Wengi wetu tuna ua wenye kuta. Kinachotakikana ni komeo la lango, si komeo la chumba.

La tano, mpe kazi. Katika nyumba zilizo nzuri wagonjwa hukunja nguo, hufuta meza, humenya viazi. Mama yangu hawezi tena kupika, walakini mpe ungo na mchele, atachambua saa nzima, na mikono yake yajua ambalo kichwa hakijui. Kadhalika Suratul Fatiha haikumtoka, ingawa majina ya wajukuu yamemtoka yote. Mwanafunzi wangu ameyaona hayo kwa wazee wa Kikristo pia: aliyesahau jina la bintiye huimba nyimbo za kanisa alizofunzwa utotoni, mwanzo mpaka mwisho. Zamani mama akisali Adhuhuri mara tatu nilikuwa nikimgombeza. Wanazuoni wetu wamekwisha kubainisha kwamba aliyeondokewa na akili hana taklifu. Ikiwa Mola hamdai, mimi ni nani nimdai? Sasa akitandika msala namwacha asali, moyo wake utulie.

La sita, mtunzaji naye ni mtu. Mwanafunzi wangu anambia kwamba katika duara lao jambo lililetwa mara nyingi kuliko yote si la wagonjwa, bali ni la wafanyakazi waliochoka mpaka wakawa wakali. Msimamizi mwema huwapangia zamu na mapumziko, na humsikiliza anayelia. Majumbani mwetu mzigo huu wote huwa wa mwanamke mmoja: mke wa mwana, au binti asiyeolewa. Sisi wanaume twaingia, twauliza, "Mama amekula?", kisha twatoka kwenda barazani kusifiwa kwa kuwatunza wazee.

SIKU MAMA ALIPOPOTEA

La kubishana na mama niliacha. La kumficha sikuacha. Wageni walipokuja nilisema amelala. Harusini nilisema ana homa. Niliona haya watu waseme kuwa mama wa Maalim ameharibikiwa.

Siku moja ya Jumanne, nami niko chuoni, mke wangu ameingia jikoni, mama akatoka. Tulimtafuta tangu saa nne asubuhi mpaka saa kumi alasiri. Kila niliyemwuliza aliniambia, "Kwani mama yako mgonjwa? Mbona hatukujua?" Na kweli, wangejuaje? Majirani walimwona akipita na buibui lake na kikapu, wakamwamkia, wakadhani aenda sokoni. Laiti wangekuwa wanajua, wangemshika mkono pale pale. Aliyemponya ni mama mmoja muuza vitumbua karibu na stendi ya magari. Alimwona ajuza akiuliza kila mtu gari la kwenda Pangani, kwa sababu ati wazazi wake wamngoja upande wa pili wa mto, na kivuko kitaondoka. Yule mama hakumwambia kuwa wazazi wake walikwisha kufa. Alimwambia, "Kaa bibi, upate kitumbua kwanza, gari bado." Akakaa naye mpaka tulipofika. Hakusoma kitabu cha mtu, wala hakukaa katika duara lolote. Ni utu wake tu.

Usiku ule, baada ya sala ya Isha, nilisimama barazani nikasema: "Ndugu zangu, mama yangu ana maradhi ya kusahau, ni mwaka wa tano huu. Nilikuwa nikimficha, na leo karibu nimpoteze." Pakawa kimya. Kisha fundi mmoja wa cherehani akasema polepole, "Maalim, mama mkwe wangu pia." Na mzee mmoja aliyestaafu kazi ya reli akasema, akiangalia chini, "Mimi ni mke wangu. Nikienda sokoni namfungia kwa kufuli." Watatu, katika baraza moja, na sote twaishi mtaa mmoja!

Na kila mmoja alikuwa na lake alilolivumbua peke yake. Mke wa fundi alikuwa ameshona nambari ya simu katika pindo la kanga za mamake. Mzee wa reli alikuwa amegundua kuwa mkewe hutulia akisikia taarabu za ujana wao. Mimi nilikuwa na habari za Uingereza. Laiti tungalisemezana mapema, kufuli lile lisingalinunuliwa.

Tangu siku hiyo wanawake wa nyumba hizo tatu hukutana kwetu kila Alkhamisi alasiri, nao wamekwisha kuwa watano. Wazee huwekwa pamoja barazani wakichambua mchele, na watunzaji huzungumza yaliyowashinda wiki ile. Hupeana zamu pia, mmoja apate kwenda kwao, mwingine apate kulala. Nasi wanaume tumejipangia Jumamosi, na mara ya kwanza nilipomlisha mama uji mimi mwenyewe, nilijua kwa nini mke wangu huwa amechoka.

NASAHA

Mama hakupona, wala hatapona kwa dawa iliyopo. Siku hizi aghlabu hanitambui. Nikimwamkia huniitikia kwa ukarimu, kama mtu aliyetembelewa na mgeni mwema, akaniuliza kwetu ni wapi. Zamani ningemsahihisha. Sasa namwambia kwetu ni Tanga, lakini wazee wangu ni watu wa Pangani. Naye hufurahi sana, kwa kuwa amepata mtu wa kwao.

Enyi vijana, nyinyi ndio mtakaoishi na wazee wengi kuliko sisi. Suratul Israa, aya ya 23, imetukataza hata guno dogo la kuchoshwa mbele ya wazazi waliofikia uzee. Lile swali la mara ya kumi ndilo litakalokujaribu hapo. Bibi akikuuliza kwa mara ya kumi, kwake yeye ni mara ya kwanza; mjibu kama ni mara ya kwanza. Msimpige picha za kuchekesha mkazipeleka kwa wenzenu kwenye simu. Na msiwaite wazee hawa wehu.

Na nyinyi wenye wazee hawa majumbani, fungueni milango. Mwambieni jirani, mwambieni imamu, mwambieni muuza duka wa pembeni. Hakuna aibu katika maradhi. Aibu ni mtu kuwa na la kumfaa mwenziwe akalifungia ndani pamoja na mgonjwa wake. Wale wasimamizi wa Uingereza, wanaogombea wateja, wameweza kuelezana makosa yao. Sisi tunaosali safu moja, bega kwa bega, tutashindwa na nini?

Mwenyezi Mungu awarehemu wazazi wetu waliotangulia, awape upole wenye kuwatunza waliobaki, na atupe sisi, siku tutakaposahau, watu watakaotukumbuka. Amin.